Suruali ya Mtu wa Safari

Jumapili ile mama mtu alifagia uwanja mara mbili, na wala si kwa furaha. Alifagia kama anayetaka vumbi lenyewe lijue kwamba amenuna.

Binti yake alisimama mlangoni akimtazama. Mtaa mzima ulimwita Nesi tangu alipokuwa mtoto wa kufunga vitambaa kwenye miguu ya kuku, na alipokua akawa muuguzi kweli, kwenye kliniki ya ghorofa ya pili pale juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Mama, uwanja umeshatakata."

"Najua."

"Sasa unafagia nini?"

"Nafagia mawazo yangu. Niache."

Nesi alimwacha. Alijua kilichomuuma mama yake. Saa nane mchana mgeni angekuja, na mgeni mwenyewe alikuwa mtu wa safari. Mama alikuwa amesema tangu zamani, tena mbele ya ndugu: niletee mwalimu, niletee mwashi, niletee hata mpiga ngoma, lakini mtu wa safari usiniletee. Baba yake Nesi alikuwa mtu wa safari. Aliuza vitambaa mji kwa mji, siku ishirini kila mwezi yuko barabarani, akila alichokikuta, mpaka siku moja presha ikamwangusha. Alilala amepooza upande mmoja miaka minne. Mama alimlisha kwa kijiko miaka yote hiyo, kisha akamzika.

Nesi naye alikuwa amemwambia mgeni huyo, Fundi, waziwazi: "Nakupenda, na wewe unajua. Lakini bila neno la mama sitoki kwenye nyumba ile."

Fundi alijibu, "Basi nitakuja kulitafuta hilo neno."

Fundi huyu alikuwa fundi wa mizani. Jumatatu mpaka Ijumaa alizunguka na sanduku lake la mawe ya chuma ya kupimia uzito, akikagua mizani za madukani, za maghalani na za kliniki. Yeye na Nesi walikutana kwa kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la Fundi.

Ilikuwa siku ya joto. Sanduku lilikuwa zito na ngazi za kliniki zilikuwa nyingi, kwa hiyo aliliacha chini kwa mlinzi akapanda mikono mitupu. Alikuwa na njia yake ya mkato. Uzito wake aliujua kama anavyojua siku aliyozaliwa, kilo sabini na tisa, basi alipanda mwenyewe juu ya mizani akawa yeye ndiye jiwe. Mshale ukasimama kwenye tisini na moja.

"Dada, mizani yenu inadanganya," alisema. "Inazidisha kilo kumi na mbili."

Akaifungua, akairekebisha, akabandika karatasi ya ukaguzi, akaenda zake. Kesho yake akina mama wajawazito wote walikuwa wamekonda. Mmoja alishuka kwenye mizani akilia. Mwingine alishuka akicheka, akaomba aandikiwe cheti akamwonyeshe wifi yake. Nesi akapiga simu.

"Fundi, rudi. Umeukondesha mtaa mzima."

Akarudi, safari hii na sanduku. Aliweka jiwe moja, la pili, la tatu, na kila jiwe lilisema kitu kilekile. Mizani ilikuwa nzima mpaka alipoigusa yeye, basi akairudisha ilivyokuwa. Aliyekuwa ameongezeka ni yeye.

Nesi hakucheka. Palikuwa na wagonjwa sita kwenye benchi, wote wametega masikio. Aliinuka akaufunga mlango kwanza, ndipo akamwambia kwa sauti ndogo, "Panda tena, kaka. Tuko wawili tu." Fundi hakuwahi kuusahau mlango ule. Baadaye alikuwa akisema kwamba alianza kumpenda pale kitasa kilipolia.

Alimpima presha, akaikuta imepanda. Akamuuliza safarini anakula nini.

"Ninachokikuta."

"Na huwa unakuta nini?"

"Viazi vya kukaanga dirishani mwa basi. Soda. Jioni wali na nyama ya kukaanga. Nikirudi chumbani, biskuti, maana sina wa kuzungumza naye."

"Mboga?"

"Ile inayopamba sahani."

"Unaila?"

"Naionea huruma, naiacha."

Jumatatu iliyofuata Fundi alipopita kituo cha basi, alimkuta Nesi amesimama na kontena la chakula lenye mfuniko wa bluu. Ndani mlikuwa na maharage, karoti na kipande cha samaki wa kuchemsha. Ijumaa alilirudisha limeoshwa na limejaa mapera. Tangu siku ile, miezi mitano mizima, kontena halikurudi tupu hata mara moja.

*

Saa nane kasoro dakika kumi Mjomba aliingia uwanjani akimtanguliza mgeni. Mjomba huyu alikuwa mdogo wake Mama, mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa, na ndiye aliyekwenda kumpokea Fundi kituoni.

"Dada, nimekuletea mzigo," alisema. "Nimeukagua njiani, hauna nyufa."

Fundi aliinama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Sauti ya Mama haikuwa ya moto wala ya baridi. Aliendelea kupanga sahani. Nesi alikuwa akimimina maji, macho yake yakakutana na ya Fundi juu ya jagi, na maji yakajaa glasi yakamwagikia kitambaa cha meza.

"Hiyo glasi imeshiba, Nesi," alisema Mjomba.

Mama alikuwa amepika kama anayemtega mtu. Palikuwa na wali unaong'aa mafuta, nyama iliyozama kwenye mchuzi mzito, viazi vya kukaanga mlima mzima. Pembeni kabisa, karibu na ukuta, palikuwa na bakuli la mboga za majani na bakuli la maharage, kama wageni ambao hawakualikwa. Nesi aliiona meza ile akaelewa. Fundi akivila vyote, Mama atasema huyu ni yuleyule. Akivikataa, Mama atasema huyu hana adabu.

Fundi alinawa. Akanyoosha mkono mbali, karibu na ukuta, akajaza nusu ya sahani mboga. Akaongeza maharage. Akachukua kipande kimoja cha nyama akakiegemeza ukingoni mwa sahani, mafuta yakashuka taratibu. Mwisho akaweka wali, kijiko kimoja na nusu.

"Ongeza, baba," alisema Mama. "Au chakula changu hakina ladha?"

"Kina ladha, mama, ndiyo maana nakiogopa. Kingekuwa kibaya ningeongeza bila wasiwasi."

Mjomba alicheka mpaka akapaliwa. "Leteni huku viazi. Mimi siogopi chakula, chakula ndicho kinachoniogopa."

Mama hakucheka, lakini alivisogeza viazi. Kisha akauliza, "Wiki ina siku saba. Wewe uko nyumbani siku ngapi?"

"Mbili, mama."

"Na hizo tano unalishwa na nani?"

"Jumatatu nalishwa na mwanao. Siku zilizobaki najilisha mwenyewe." Fundi aliweka kijiko chini, akawa anamjibu yeye na si sahani. "Kwenye begi nina mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga za kiganja kimoja na chupa kubwa ya maji. Nikifika penye hoteli siagizi mezani. Naingia mpaka jikoni, namsalimu mpishi, namuuliza sufuria ipi haina mafuta mengi. Wapishi hakuna anayewasalimu, mama. Wakisalimiwa wanafurahi. Kuna mama mmoja mpishi sasa akiona basi langu ananitengea maharage kabla hajayaunga."

"Na jioni?"

Fundi alimtazama Nesi kidogo, kama anayeomba ruhusa. "Jioni ndiyo ilikuwa ngumu. Nilikuwa nakula kwa upweke. Sasa saa moja tunapigiana simu ya video, tunakula pamoja. Yeye kwake, mimi kwangu. Ananiuliza, ya kijani iko wapi? Namwonyesha."

"Kumbe," alisema Mama polepole, akimgeukia binti yake. "Ndiyo maana simu yako siku hizi inakaa karibu na chumvi."

Nesi aliinamisha uso.

"Hujawahi kushindwa?" Mama aliuliza tena.

"Nilishindwa mwezi uliopita. Basi liliharibika, tukakwama siku mbili. Nikala viazi vya kukaanga asubuhi, mchana na jioni. Niliporudi nikamwambia."

"Kwa nini ulimwambia? Si hakukuona?"

"Mizani ingemwambia, mama. Mimi niliwahi kubishana na mizani mara moja, nikaaibika mbele ya kliniki nzima."

Hapo Mama alitaka kusema neno, lakini macho yake yalikuwa yamefika miguuni pa Fundi, mahali alipoweka mfuko wake. Mfuniko wa bluu ulikuwa umechungulia nje.

"Lile kontena ni langu."

Mjomba alisimamisha kiazi hewani.

"Ni lako, mama," alisema Nesi.

"Nimeliona likitoka kila Jumatatu. Ukaniambia ni la mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa, mama."

Mama alimgeukia Fundi taratibu. "Mgonjwa wa mapera ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Na zile nyanya ndogo tamu?"

"Nilizipata kwa yule mama mpishi. Nilisikia unazipenda."

"Nimekula vitu vyako miezi mitano," alisema Mama. "Na kila nikila nilikuombea. Nilisema, Mungu, mponye yule mgonjwa wa watu, ana roho nzuri."

"Nimepona, mama. Presha imeshuka. Ahsante."

Mama alisukuma kiti nyuma. Akainuka, akakunja kitambaa chake cha kufutia mikono, akaingia kwenye chumba cha cherehani, alimoshonea nguo za watu. Mlango ukafungwa.

Uso wa Fundi ulipauka. "Nimeharibu?"

"Sijui," alisema Nesi, na kweli hakujua. Alimgusa bega alipopita, kugusa kwa haraka tu kama kwa bahati mbaya, akamfuata mama yake.

*

Chumba cha cherehani kilikuwa na harufu ya mafuta ya mashine na vitambaa vipya. Mama alikuwa ameketi kwenye stuli yake, tepu ya kupimia shingoni kama kawaida, mikono imelala mapajani.

"Mama, umekasirika?"

"Kaa hapo." Nesi akakaa. "Baba yako alikuwa na suruali ya kijivu. Unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Niliipanua mara saba. Kila akirudi safari ananiambia, mke wangu, imenibana. Nami nafumua mshono, naachia inchi moja. Mshonaji mzuri huacha kitambaa cha akiba ndani, basi nikawa naachia na kuachia. Akiba ilipokwisha nikaitia kiraka cha pembe tatu kwa nyuma. Kilikaa vizuri, huwezi kukiona. Nikajisifu." Alivuta pumzi. "Inchi zile zote nilizishika kwa vidole vyangu, Nesi. Nilikuwa na tepu shingoni. Na sikumwambia hata siku moja, mume wangu, si suruali iliyopungua."

Nesi alishuka kwenye kiti akachuchumaa mbele yake. Miaka yote aliamini mama yake anazichukia safari. Kumbe alikuwa anajichukia mwenyewe.

"Ulimpanulia ili apumue, mama. Hakuna aliyekufundisha kwamba tepu inapima na ugonjwa. Mimi nimefundishwa darasani miaka mitatu."

"Baba yako alikuwa akiniletea vitambaa vizuri."

"Alikupenda."

"Alinipenda sana," alisema Mama, akafuta macho kwa ncha ya tepu. "Naogopa, mwanangu. Naogopa kukuona na kijiko mkononi."

"Najua. Lakini huyu nikiona nitamwambia. Na nisipoona anajisema mwenyewe. Umemsikia."

Mama alikuwa anatazama nje dirishani. Uwanjani, Fundi alikuwa amekusanya sahani zote mwenyewe na anazipeleka penye bomba, kwa sababu hakutaka wenye nyumba watoke kwenye machozi waje kukuta vyombo vichafu. Lakini alikuwa akitembea vibaya. Viwiko vyote viwili alivibana mbavuni, na kila baada ya hatua mbili alisimama akajinyonganyonga kama mtu aliyeingiwa na sisimizi.

"Ana nini yule? Kiuno kinamuuma?"

Nesi alichungulia, akaziba mdomo kwa kiganja. "Suruali, mama. Inamvuka. Ameutoboa mkanda matundu manne kwa msumari na bado."

"Mbona haipeleki kwa fundi akaipunguza?"

"Nilimwambia. Akasema fundi wa suruali hii anamjua, anasubiri tu siku atakayofunguliwa mlango."

Mama alimtazama binti yake muda mrefu. Kisha akaivuta tepu shingoni.

"Mwite kabla hajatuvunjia sahani."

Fundi aliingia akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule.

"Nyoosha mikono," alisema Mama.

"Mama, nikinyoosha itaanguka."

"Nesi, geuka ukutani. Wewe nyoosha mkono mmoja, mwingine shikilia."

Alimzungusha tepu. Alisoma, akaipeleka dirishani penye mwanga akasoma tena. Suruali ilikuwa ya inchi arobaini. Mwenye suruali alikuwa wa thelathini na tano.

"Inchi tano," alisema, kama anayejisemea. "Miaka arobaini nafanya kazi hii. Watu wa safari wote walionijia, wamenijia nipanue."

Akafungua kabati akamrushia shuka. "Jifunge hii, lete hiyo suruali."

Mjomba alipomwona Fundi akitokeza uwanjani amejifunga shuka la maua mekundu, alilazimika kuketi chini. "Bwana harusi," alisema akijipepea kwa mfuniko wa sufuria, "hata mahari hatujazungumza, wewe umeshavua."

Nesi alitoka akamkuta amesimama penye bomba, mkono mmoja umeshika shuka, mwingine unasuuza sahani.

"Unanicheka," alisema Fundi.

"Sikucheki. Nakutazama."

"Unaona nini?"

"Naona mtu aliyekuja kwetu na suruali nzuri kuliko zote alizonazo, akaikubali aibu yake mbele ya mama yangu." Alichukua sahani aliyoisuuza akaanza kuifuta. "Nami naona sitaweza kula saa moja bila wewe maisha yangu yote."

Fundi alichukua sahani nyingine. Aliisuuza, akaisuuza tena, mpaka Nesi akaichukua mkononi mwake, na vidole vyao vikakaa hapo ndani ya maji kwa muda, hakuna aliyevitoa.

Ndani, cherehani ilianza kulia. Ikanyamaza. Ikalia tena. Kisha Mama akaita, wakaingia wote, hata Mjomba na kiazi chake.

Suruali ilikuwa imelala mezani imegeuzwa ndani nje. Mshono mpya ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula, na pembeni yake, huku na huku, kilibaki kitambaa cha akiba, upana wa vidole viwili. Mama alichukua mkasi mkubwa.

"Mama," alisema Nesi, "si huwa unaiacha akiba?"

"Huwa naiacha."

Akakata. Mkasi ulipita taratibu, upande wa kwanza, halafu upande wa pili, na vipande viwili virefu vikaanguka mapajani mwake. Nesi alikuwa ameushika mkono wa Fundi bila kujua kwamba ameushika.

Mama aliigeuza suruali, akaikung'uta, akampa mwenyewe.

"Hii haina akiba," alisema. "Haipanuki tena, hata kwa kiraka. Siku ukirudi safari ikakubana, usiniletee suruali. Jilete wewe, tukae, tuzungumze."

"Nitajileta, mama."

Mjomba alikohoa. "Sasa dada, hilo tulichukue kuwa ni neno au si neno? Maana nitaulizwa na ndugu."

"Nimeshakata kitambaa," alisema Mama. "Unataka neno gani tena?"

Nesi alimkumbatia mama yake palepale kwenye stuli, pini zikamchoma, naye hakujali. Fundi alisimama na suruali kifuani kama mtu aliyepewa mtoto ashike, macho yamemjaa maji, shuka la maua linateleza, Mjomba akilishikilia kwa nyuma kwa heshima zote.

Kabla jua halijapungua Mama alikwenda jikoni. Hakugusa wali wala viazi. Alilifungua kontena, akapanga mboga, akapanga maharage, akaweka mayai mawili ya kuchemsha. Mfuniko wa bluu ulikuwa umechoka kwa safari za miezi mitano, haukazi vizuri. Mama alitazama huku na huku, kisha akarudi chumba cha cherehani, akaleta kimoja cha vile vipande virefu alivyovikata, akalizungushia kontena mara mbili na kulifunga fundo la kipepeo.

"Kesho ni Jumatatu," alisema, akimkabidhi Fundi. "Na nyanya zile, baba, ukizikuta."